Bunduki kuukuu za kijeshi: Mwanya mdogo unaoweza kumpofusha mlenga shabaha

BUNDUKI aina ya Lee-Enfield si ngeni katika eneo hili. Wanajeshi wa King's African Rifles (KAR) waliibeba vitani, na miaka mingi baada ya Uhuru ilionekana mikononi mwa polisi wa akiba katika maeneo ya wafugaji. Ng'ambo, hasa Uingereza, Kanada na Marekani, silaha hizi zilizoondolewa jeshini hununuliwa na wapenzi wa historia na walenga shabaha. Aghalabu mnunuzi hukagua mbao zake, akachungulia ndani ya mtutu, akaridhika. Walakini, kipimo kinacholinda macho yake hakionekani kwa kuchungulia.

Kipimo chenyewe ni cha mwanya ulioko kati ya uso wa komeo, yaani chuma kinachoziba chemba kwa nyuma, na mahali risasi inapoegemea. Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako chake, na ukingo huo ndio unaoizuia isizame mtutuni. Mwanya wake basi hupimwa penye ukingo. Risasi ya Mauser ya Ujerumani ya milimita 7.92 haina ukingo uliojitokeza. Hiyo huegemea begani, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, kwa hivyo chuma cha kuipimia sharti kifuate umbo la ganda hadi begani.

Baruti inapowaka, shinikizo ndani ya chemba huzidi lile la hewa ya kawaida zaidi ya mara 3,000. Kuta nyembamba za ganda hutanuka zikang'ang'ania chemba, ilhali kitako husukumwa nyuma hadi kizuiwe na komeo. Mwanya ukiwa mdogo, shaba ya ganda hunyumbuka kidogo tu na mambo huishia hapo. Ukiwa mkubwa, hunyumbuka kupita kiasi na yaweza kukatika karibu na kitako. Gesi yenye moto hutoroka kuelekea nyuma, ambako ndiko uliko uso wa anayefyatua.

Umri peke yake si kosa la bunduki. Kosa kubwa huletwa na uchanganyaji. Kila Lee-Enfield ilipewa komeo lililolinganishwa nayo kiwandani, na namba moja ikapigwa katika vyuma vyote viwili. Baadaye baadhi ya bohari zilihifadhi makomeo mbali na bunduki kwa sababu za usalama, na wauzaji wa masalio ya jeshi wakayarudisha bila kujali lipi ni la nani. Namba zisipofanana, mnunuzi asikubali maneno matamu ya muuzaji. Hata zikifanana, bado kipimo ni cha lazima kwa kuwa chuma huchakaa.

Fundi huhakikisha kwanza kwamba hamna risasi, kisha husafisha chemba, maana uchafu hudanganya. Huondoa pini ya kufyatulia na kucha ya kutolea maganda, halafu hutumia vyuma viwili vya kupimia. Kwa risasi ya .303, komeo sharti lifunge juu ya kile cha milimita 1.63, na lisifunge kabisa juu ya kile cha milimita 1.88, ambacho ndicho kikomo cha jeshi. Tofauti hiyo ni robo ya milimita. Mpini husukumwa kwa ncha za vidole tu. Anayetumia nguvu huharibu vyuma na kupata jibu la uongo. Kuna wanaobandika vipande vya karatasi kwenye kitako cha risasi yenye baruti ili wapate kipimo cha bure. Huo ni mzaha na mauti.

Bunduki Namba 4 ya familia hii, iliyotumika sana katika Vita vya Pili vya Dunia, ilirahisishiwa matengenezo. Kichwa cha komeo lake huweza kufunguliwa na kubadilishwa, na vilitengenezwa vya namba 0, 1, 2 na 3 kwa kufuata urefu. Fundi huanza na kifupi na kupanda.

Maganda yaliyotumika nayo hutoa ushahidi. Mstari unaong'aa kulizunguka ganda, juu kidogo ya kitako, ni dalili kwamba shaba imeanza kukatika. Wanaojaza maganda upya wachunge zaidi, kwa kuwa chemba za Lee-Enfield zilichongwa kwa upana ili zistahimili matope ya mahandaki. Jeshi halikujali, maadamu ganda lilitumika mara moja na kutupwa.

Nchini Kenya, ambako kumiliki bunduki bila leseni ni kosa, ukaguzi huu ni wa fundi aliyeidhinishwa. Komeo likifunga juu ya chuma cha milimita 1.88 hata baada ya kuwekewa kichwa namba 3, sehemu zinazolishika zimechakaa, na bunduki hiyo haifai tena kufyatuliwa.