Mfuko wa Damu Wapanda Ndege Muhanga

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo msimulizi si mimi, ni mfuko wa damu. Msiogope, ni mpole. Haya, msikilizeni.

"Mimi ni mfuko wa damu wa Rwanda. Kundi langu ni O hasi. Nakaa ndani ya jokofu la ghala la damu huko Muhanga, kwenye nyuzi joto kati ya 2 na 6. Mbali milimani, kwenye hospitali ya wilaya, mama amejifungua mtoto wa kike. Mtoto mzima, analia kwa nguvu. Lakini mama anatoka damu na haikomi. Mkunga ametuma ujumbe. Mama anasubiri, na njia ni ndefu."

Kwa nini njia ni ndefu? Rwanda ni nchi ya vilima elfu. Hospitali unaiona pale ng'ambo, lakini barabara inateremka bondeni, inazunguka, inapanda tena. Mvua ikinyesha sana, udongo unaporomoka. Gari linaweza kuchukua saa kadhaa. Mama anayetoka damu nyingi hana saa kadhaa.

"Mjomba, kwani hospitali haina damu yake?"

Hapo umeuliza! Swali hilo hata watu wazima hulisahau. Damu ina makundi manne: A, B, AB na O. Kila kundi lina chanya na hasi. Hesabu kwa vidole: aina nane. Na damu haikai milele. Chembe nyekundu hukaa kwenye baridi kama wiki sita hivi. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hukaa siku 5 tu. Hospitali ndogo ikijaza aina zote, nyingi zitaharibika kabla ya mgonjwa kufika. Ikiweka kidogo, siku ya haja itakosa ile hasa inayotakiwa.

Sasa fikirini ua wenye nyumba kumi na mtungi mmoja mkubwa katikati. Kila nyumba huchota ikipata kiu. Hakuna maji yanayooza kwa mmoja huku jirani akilala na kiu. Hospitali ndizo nyumba, na ghala la Muhanga ndilo mtungi. Watu wengi husifia ndege. Mimi nausifia mtungi kwanza. Lakini mtungi peke yake hautoshi, kwa sababu mama anasubiri, na njia ni ndefu.

"Basi wananitoa kwenye jokofu," mfuko unaendelea. "Wananitia ndani ya boksi lenye mwavuli wa karatasi. Boksi linaingia tumboni mwa droni, ndege ndogo ya umeme isiyo na rubani. Mtambo unaifyatua, fyuu! Tuko juu. Mwendo ni kama kilomita 100 kwa saa. Chini naiona barabara inajipinda, inajipinda, na sisi tunakwenda moja kwa moja."

"Mjomba, droni inatua hospitalini?"

Haitui. Inashuka chini kidogo, inafungua tumbo, boksi linaning'inia kwenye mwavuli wake na kutua uani. Mhudumu anakimbia kuliokota. Droni inageuka na kurudi Muhanga, na huko inadakwa hewani kwa waya. Kazi hii Rwanda iliianza Oktoba 2016, pamoja na kampuni ya Zipline.

"Na mama je? Alipona?"

Mama wa hadithi yetu alipona. Mfuko wetu ni O hasi, na damu hiyo hupewa karibu kila mtu wakati wa dharura, hata kabla kundi la mgonjwa halijajulikana. Ndiyo maana huombwa sana, na ndiyo maana huisha upesi.

"Mjomba, na mfuko wenyewe ulitoka wapi?"

Mkononi mwa mtu. Hakuna kiwanda cha damu duniani. Mtu alikaa kitini, akanyoosha mkono, akatoa kama mililita 450, akanywa soda, akaenda zake kazini. Hakumjua yule mama.

"Hata mimi nataka kutoa."

Subiri ufike miaka 18, mwanangu. Baba yako akiwa na afya njema anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mama yako kila baada ya miezi minne.

"Basi leo jioni nitawauliza makundi yao."

Waulize. Na wakisema hawayajui, nendeni wote kituo cha afya mkapime.