Njia Moja, Dereva Mmoja

Kutoka Kilosa, reli ya zamani hufuata bonde la Mto Mkondoa na kupita Munisagara na Mzaganza hadi Kidete. Ni njia moja tu, sehemu ya reli ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kwenye njia moja, treni haipewi ruhusa ya kuingia kipande cha mbele mpaka ithibitike kuwa ni kitupu.

Kanuni hiyo, ya mmoja kwa wakati mmoja, sasa inahitajika kwenye intaneti.

Tangu Oktoba 2024, Anthropic na kisha OpenAI zimetoa akili unde inayoendesha kivinjari yenyewe: inasoma ukurasa, inabofya, inajaza fomu. Mfanyabiashara wa Munisagara anaweza kuiagiza imtafutie safari ya treni ya SGR kutoka Kilosa hadi Dar es Salaam. Itapekua ratiba vizuri tu, lakini ikidaiwa nywila, au tarakimu zilizotumwa kwa meseji, inakwama. Hapo inamhitaji mtu.

Wengi watashawishika kuiandikia nywila kwenye mazungumzo. Wasifanye hivyo! Maneno hayo huweza kuhifadhiwa, na ukurasa wenye maagizo ya kilaghai yaliyofichwa unaweza kuirubuni programu iitoe nywila hiyo. Ni ndugu wa ule utapeli wa meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii", ila safari hii anayetapeliwa ni mashine.

Njia salama ni kivinjari kilicho kwenye kompyuta ya mbali, kila mteja na chake. Programu ikikwama, mwenye akaunti hupewa kiungo cha muda mfupi; akishathibitishwa kuwa ndiye, anauona ukurasa uleule na kuandika nywila mwenyewe. Kwa dakika hizo programu haibofyi wala haioni kinachoandikwa. Operator ya OpenAI, iliyotoka Januari 2025, ilikuwa na utaratibu wa namna hii.

Hata hivyo, kuficha nywila hakutoshi. Mtu akishaingia na kurudisha usukani, programu inabaki ndani ya akaunti yake, na huenda tovuti isiweze kumtofautisha mtu na programu. Kwa hiyo malipo lazima yaidhinishwe na mtu kila mara, kila hatua iandikwe, na kazi ikiisha kivinjari kifutwe chote.

Kwa msomaji: kiungo cha msaada usichokitarajia usikifungue. Meseji ya kitapeli ikija kwenye simu, itume 15040, namba ya kuripotia utapeli nchini Tanzania.