Mkono Usiosikia: Kuutambua Ugonjwa wa Ulaji wa Kupindukia

Kwa miezi minane nilimhudumia mama mmoja katika kliniki ya kisukari pasipo kumwuliza swali lililomhusu. Kila alipokuja sukari yake ilikuwa juu, kila mara nilimsihi apunguze wanga, naye akaitikia, "Sawa, daktari." Siku moja nilimkaripia mbele ya muuguzi. Ndipo akaniambia, akitazama sakafu, kwamba mchana hujinyima kama nilivyomwelekeza, hata chakula cha mchana hukiruka. Lakini usiku, watu wakishalala, huingia jikoni akamaliza kiporo cha wali, mkate mzima na maandazi ya watoto ya asubuhi, akila upesi, amesimama gizani, bila njaa wala ladha. "Najiona nikila," alisema, "lakini mkono haunisikii."

Kauli hiyo ndiyo kiini cha ugonjwa wa ulaji wa kupindukia. Kula mpaka kuvimbiwa siku ya Idi au Krismasi si ugonjwa. Mgonjwa hula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku akihisi kwamba hawezi kujizuia, kisha hujawa na aibu na kujichukia. Hali hiyo ikijirudia angalau mara moja kwa juma kwa muda wa miezi mitatu, ichunguzwe. Tofauti na mgonjwa wa bulimia, huyu hana mazoea ya kujitapisha wala kunywa dawa za kuharisha ili kufidia alichokula.

Daktari Albert Stunkard wa Marekani aliieleza hali hii mwaka 1959, lakini Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliiorodhesha kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013 tu. Si ajabu basi kwamba wengi wetu hatukufundishwa kuutafuta.

Tunapotoshwa pia na macho. Watu wengi wenye unene hawana ugonjwa huu, na wapo wenye uzito wa kawaida walio nao. Wanaume nao huugua, ingawa ni nadra kuulizwa. Tena jamii yetu humsifu mtu aliyenawiri kwamba ana neema, kisha humwita mlafi akionekana anakula. Kati ya sifa na tusi hilo mgonjwa hujifunza kula mafichoni.

Kosa langu halikuwa ukali peke yake. Ushauri wenyewe ulikuwa ukiulisha ugonjwa. Anayejinyima kutwa hufika usiku akiwa na njaa iliyolimbikizwa, pamoja na huzuni au upweke ambao chakula huutuliza kwa dakika chache. Akishakula hujilaumu, na kesho hujinyima zaidi ili kulipa deni la jana. Kwa hiyo matibabu huanza kwa agizo linalowashangaza wagonjwa: kula. Milo mitatu kwa saa zinazojulikana, na vitafunio viwili katikati, ili tumbo lisikae tupu zaidi ya saa tatu au nne. Juu ya msingi huo hujengwa tiba ya kisaikolojia inayorekebisha fikra na mwenendo, ambamo mgonjwa huandika alichokula, saa ngapi, na lipi lilimsibu kabla ya hapo. Zipo dawa zinazoweza kusaidia baadhi ya wagonjwa, lakini huamuliwa na daktari. Vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mitaani si tiba.

Nawaomba wahudumu wenzangu jambo moja. Mgonjwa anayetumia insulini au glibenklamaidi akisema anakula usiku, pimeni kwanza kama sukari yake hushuka saa hizo. Kushuka kwa sukari huleta njaa kali, jasho na kutetemeka, na hapo kinachohitajika ni kurekebisha dozi. Kisha mwulizeni faraghani, kabla ya mizani: "Je, kuna nyakati unakula chakula kingi na kuona huwezi kuacha?" Ulizeni pia kuhusu sonona na mawazo ya kujidhuru, maana mara nyingi huambatana.

Nawe uliyejitambua katika maelezo haya, unaweza kuanza na daktari wa kliniki yako ya kawaida. Mweleze kama ulivyosoma hapa, kisha omba rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Huduma hiyo ipo Muhimbili, Mirembe kule Dodoma, na katika hospitali za rufaa za mikoa. Usibadilishe dozi ya kisukari wala kuruka mlo wakati unasubiri. Iwapo unawaza kujidhuru, usisubiri tarehe ya kliniki; nenda leo hospitali iliyo karibu, ukisindikizwa na mtu unayemwamini.

Yule mama alikubali bintiye ajue, na sasa hula pamoja saa mbili usiku. Mara ya mwisho nilipomwona, uzito wake ulikuwa umepungua kilo moja tu, nami nilikuwa tayari kumfariji. Akanionyesha daftari lake: usiku 17 mfululizo bila kuingia jikoni.