Mtondoro na Subira ya Fundi

Ingia karakana yoyote ya Keko, Dar es Salaam, uulizie kabati. Utatajiwa mninga, pengine na mkongo. Ukitaja mtondoro, fundi atakunja uso: mgumu, unapinda, unamaliza meno ya msumeno.

Hajaongopa. Ila mti huu umejaa tele kwenye mapori ya miombo, na wanavijiji wanauenzi kwa mengine. Gome lake hutoa kamba na mizinga, maua yake huwapa nyuki asali. Mbao ndizo zilizokosa bahati.

Kisa chote ni maji. Gogo bichi lina maji yaliyojaa kwenye vijishimo vya mti na mengine yaliyonywewa na kuta zake. Yale ya kwanza yakitoka, ubao hupungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, ndipo ubao unapoanza kusinyaa, tena bila usawa: kufuata mzunguko wa shina husinyaa takriban mara mbili kuliko kuelekea kiini. Matokeo yake ubao hujikunja kama kigae. Mninga husinyaa kidogo mno, kwa hiyo humsitiri fundi mwenye haraka. Mtondoro humwaibisha.

Dawa yake si mashine ya bei kubwa. Gogo lipasuliwe likiwa bado bichi, ncha za mbao zipakwe rangi zisikauke kwa pupa, kisha mbao zipangwe kivulini, katikati yake vijiti vya unene mmoja ili upepo upite, na mawe mazito juu. Halafu kungoja miezi. Hapo ndipo wengi hushindwa, maana mteja ameshalipa kianzio.

Ile sehemu nyeupe ya pembeni ni ya kutupa, au itiwe dawa; fukusi wanaipenda.

Kiini kikishakauka kinafaa sakafu, mipini, nguzo na daraja la kijijini. Nyuzi zake zimepishana, hivyo randa butu huzinyofoa. Randa kali huacha mistari inayong'aa na kufifia kadiri mwanga unavyogeuka, pambo ambalo wapenda samani hulilipia kwenye miti yenye majina makubwa.

Huko Kilwa, mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, kwa kuitunza vyema misitu yao, na mti uliobeba sifa hiyo ulikuwa mpingo. Mtondoro uliosimama pembeni yake haukuulizwa bei.

Fundi aliyeuzoea hutambulika kwa chombo anachoshika kwanza. Haanzi na nyundo, kwani msumari utapinda. Anachukua keekee.