Gofu katikati ya Dar: Kwa nini kiwanja cha Gymkhana kipo pale, na nani anacheza?

Ukitoka Kariakoo kwenda baharini unakutana na maeneo mawili makubwa ya wazi. La kwanza ni Mnazi Mmoja. La pili, ukishapita Posta na kuikaribia Hospitali ya Ocean Road, ni kiwanja cha gofu cha Gymkhana chenye mashimo 18. La kwanza watu wanakatiza kwa miguu. La pili wengi wanaliona tu kutoka barabarani.

Kwa nini hayakujengwa?

Jibu lipo kwenye mipango miji ya wakoloni. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916 na kuendeleza kile walichoanza Wajerumani: kuugawa kwa rangi. Wazungu walikaa Uzunguni karibu na bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo.

Mnazi Mmoja iliachwa wazi makusudi ili kuitenga Kariakoo na Uhindini, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Gymkhana ilikuwa upande wa Uzunguni, sehemu ya watawala kucheza na kupumzika. Hata jina hilo lilitoka India, ambako Waingereza waliliita hivyo eneo la michezo.

Siku hizi nani anacheza?

Ubaguzi wa rangi uliondoka, lakini gharama zimebaki. Gymkhana ni klabu yenye wanachama. Gofu inahitaji ada, fimbo, mipira na muda: mzunguko wa mashimo 18 unaweza kuchukua saa nne. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi.

Kwa kijana asiye na hela, njia ya kuingia mara nyingi ni kuwa kedi, yaani kumbebea mchezaji begi la fimbo kwa malipo. Humo humo anajifunza, na baadhi ya wachezaji wa kulipwa nchini walianzia hapo. Dar ina kiwanja kingine cha mashimo 18, Lugalo, kinachomilikiwa na jeshi.

Je, gofu lazima iwe ya klabu?

Hapana. Nairobi kuna Golf Park, ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako unalipia mzunguko wako na kucheza bila kuwa mwanachama.

Uskoti, mchezo ulikokulia, kiwanja maarufu cha Old Course mjini St Andrews ni mali ya umma. Jumapili, kwa kawaida, gofu husimama na wananchi hutembea kwenye nyasi zilezile, wengine na mbwa wao.

Dar watoto wengi wanacheza chandimu barabarani kwa kukosa uwanja. Kwa hiyo suala si kuing'oa gofu, kwani huenda ndiyo iliyozuia maghorofa pale. Suala ni kama siku moja geti linaweza kufunguliwa kwa wasio wanachama, hata kwa saa chache za Jumapili.