Fedha za Halmashauri na Uhai wa Soko (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza halmashauri zinapata wapi fedha. Leo tuone fedha hizo zinafanya kazi gani, tukianza na miaka ambayo halmashauri zenyewe hazikuwapo.

Mwaka 1972 Tanzania ilianza mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikafutwa, za miji zikafuata. Maamuzi yakawa ya maofisa wa mkoa na wilaya, na mtaro wa soko ulipoziba hapakuwa na diwani wa kumfuata nyumbani kwake. Miji ikachakaa. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1977, hali ya usafi ilikuwa mbaya. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria ya muda, kisha sheria za mwaka 1982 zikarejesha mfumo mzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa.

Mtaro na uchumi vinahusiana vipi? Chukua barabara ya vumbi iendayo gulioni. Masika yakizoa kalvati, lori halifiki. Mkulima wa mahindi anabaki na mchuuzi mmoja, naye ndiye apangaye bei na kudai lumbesa. Kalvati ikijengwa, wanunuzi wanashindana. Bei inapanda, mama lishe anapata wateja, fundi baiskeli naye anapata kazi, na halmashauri inatoza ushuru mzigo ambao mwaka jana uliozea ghalani. Mfanyabiashara mmoja hawezi kuijenga kalvati hiyo, kwa kuwa hana namna ya kuwadai wote wapitao juu yake. Ndiyo maana ni kazi ya umma.

Mzunguko huu hukatika ushuru unapoishia kwenye posho za vikao. Mkulima hapo ana haki ya kunung'unika. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Ilikuwa nafuu ya kweli kwake, ingawa halmashauri za vijijini zilitegemea sana chanzo hicho. Mwaka huohuo barabara zao zilikabidhiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Uhandisi ulihitaji chombo chenye utaalamu, sikatai. Lakini diwani ndiye anayeulizwa na wapiga kura kalvati imekwama wapi. Basi awe na sauti katika kuamua ipi itangulie.

Wiki ijayo tutazungumzia asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.