Je, Wajua? Robo saa angani, siku nzima baharini

Je, wajua kwamba ndege inayotoka Mogadishu kwenda Kismayo huvuka Ikweta? Umbali wa angani ni kama kilomita 410. Ndege ya pangaboi yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa huhitaji dakika 50 hivi, na Ikweta huvukwa mwishoni kabisa, zikiwa zimebaki kilomita 60 hivi kutua.

Kutoka Kismayo hadi Burgao, ambayo Wabajuni huiita Birikau na Waingereza waliiandika Port Dunford katika ramani zao, ni kilomita 125 hivi kwa mstari ulionyooka. Ndege hiyo hiyo ingezimaliza kwa robo saa. Lakini hii ni njia ya bahari tangu zamani, ikiandamana na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. Jahazi linalokwenda maili 5 za baharini kwa saa, yaani kama kilomita 9, huchukua saa 13 au 14. Tena upepo uwe umekubali! Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, humsukuma anayeteremka Burgao. Kusi humpinga, naye huenda kwa kubisha, huku na huku, muda ukiongezeka sana. Ndiyo maana kilomita peke yake hazimtoshi msafiri wa pwani hii.

Kutoka Burgao hadi Lamu ni kilomita 155 hivi. Hadi mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia eneo la Jubaland lenye Kismayo na Burgao, bandari hizo mbili na Lamu zote zilikuwa chini ya utawala wa Kenya.